Athens ya Pericles au Athens iliyofufuka 403: ukitaka kuielewa demokrasia ya Wagiriki ushike ipi?

Wapo watu wengi wanaotaka kuielewa demokrasia ya Wagiriki wa kale ila muda hawana. Una wiki mbili tatu za kusoma usiku ukitoka kazini, au umepewa mada ya kuongoza kwenye kikundi, au mtoto kaja na swali la shule, sasa hujui ushike wapi maana historia yenyewe ni kama miaka 200 na majina yake yanachosha. Ushauri wangu usijaribu kuibeba yote. Chagua moja kati ya Athens mbili. Mji ni uleule, ila kuna Athens iliyokuwepo mpaka ikaanguka mwaka 404 KK, na kuna Athens iliyosimama tena mwaka 403 KK ikaenda mpaka 322 KK, na ukizitazama kwa karibu utaona ni kama nyumba iliyobomoka alafu ikajengwa upya na walewale waliotolewa chini ya kifusi. (Miaka yote humu ni KK, sitarudia kuandika.)

Niseme mapema kwamba mi naipendelea ya pili. Shuleni nilifundishwa ya kwanza tu, Pericles kiongozi wake maarufu, hekalu la Parthenon, vita na mji hasimu wa Sparta, kengele ikalia, tukahamia kwa Warumi. Nimekuja kuijua ya pili ukubwani na iliniuma, kwasababu ndiyo yenye majibu ya maswali tuliyokuwa tunayauliza. Lakini ya kwanza nayo ina watu wake na nitasema ni kina nani.

Zinachofanana

Msingi ni mmoja. Mwanasiasa Cleisthenes mwaka 508 aliwavuruga watu makusudi, akawagawa kwenye makabila 10 mapya, kila kabila limechanganya watu wa mjini, wa pwani na wa bara, ili koo kubwa zisiwe na ngome zao. Kila kabila likatoa watu 50, ndiyo Baraza la 500. Juu yake kuna mkutano wa raia wote kilimani Pnyx, na maamuzi mengine mazito yalihitaji watu 6,000 wawepo. Mwaka 462 mwanasiasa Ephialtes akawanyang'anya wazee wa Areopago, baraza la kale la wakubwa, karibu nguvu zao zote za kisiasa, na haikuchukua muda akauawa.

Pia zinafanana kwa ubaya. Mwanamke hapigi kura kwenye hii wala kwenye ile. Mgeni aliyezaliwa hapohapo, akalipa kodi na akapigana vita, anabaki mgeni. Na watumwa walikuwa maelfu kwa maelfu, wengine wanachimba fedha kwenye mashimo ya Laurion wakati mabwana wao wako Pnyx wanajadili uhuru. Kwahiyo ukiona mtu anakuuzia mojawapo kama pepo, mwache aende.

Namna ya kuamua

Hapa ndipo tofauti inapoonekana wazi, chukua kisa cha Mytilene mwaka 427. Mji wa Mytilene, mmoja wa washirika wa Athens, uliasi, ukashindwa, Waathens wakakutana wakiwa na hasira wakapitisha kwamba wanaume wote wazima wauawe, wanawake na watoto wauzwe. Siku hiyohiyo meli ikaondoka na amri. Asubuhi yake watu wakaamka na majuto, wakakutana tena, wakabishana, mwanasiasa Cleon anasema amri ibaki, mwenzake Diodotus anasema kuua watu wote hakuna faida, na kura zikawa karibu sawa ila upande wa Diodotus ukapita. Ikabidi meli ya pili iikimbize ya kwanza. Wajumbe wa Mytilene wakawapa wapiga makasia mvinyo na unga wa shayiri, jamaa wakawa wanakula huku wanapiga kasia, shayiri imekandwa na mvinyo na mafuta, wanalala kwa zamu, hawakusimama. Wale wa meli ya kwanza walikuwa hawana haraka kwasababu kazi waliyotumwa ilikuwa nzito moyoni. Meli ya pili ikafika wakati kamanda ameshaisoma amri na anajiandaa kuitekeleza. Mji ukapona, ingawa wale waliohesabiwa kuwa viongozi wa uasi, zaidi kidogo ya 1,000, waliuawa.

Ndiyo Athens ya kwanza hiyo. Kitu ambacho mkutano umekitaka leo kinakuwa sheria leo, na kesho ukibadilika moyo omba upepo uwe mzuri baharini.

Athens ya pili ilikaa chini ikajiuliza maswali magumu. Baada ya 403 wakatenganisha sheria na maazimio. Azimio ni la jambo la leo, mkutano unaweza kulipitisha, ila haliwezi kuipindua sheria. Ukitaka kubadili sheria inabidi pendekezo libandikwe hadharani mbele ya sanamu za mashujaa wa yale makabila 10 watu walisome, alafu lipelekwe kwenye jopo la raia waliokula kiapo cha majaji, umri miaka 30 kwenda juu, wanaweza kuwa 501 au 1,001, na wanateuliwa watu watano kuitetea sheria ya zamani kama vile ni mtu aliyeshtakiwa. Hilo la kuitetea sheria ya zamani huwa nalirudia kila nikipata nafasi, maana mara nyingi sheria inauawa hakuna aliyesimama upande wake.

Na ukipendekeza azimio linalovunja sheria unaweza kushtakiwa wewe binafsi, hata kama umati ulikupigia makofi. Silaha hiyo ilishakuwepo kabla ya 404, ila ya pili ndiyo iliyoitumia kwa uzito kama kinga.

Majenerali

Mwaka 406 Athens ilishinda vita kubwa ya majini pale Arginusae. Ushindi. Lakini dhoruba ikazuka, na mabaharia waliokuwa wamekwama kwenye meli zilizovunjika hawakuokolewa, wakafa. Mjini kukawa na msiba, ndugu wamevaa nguo za maombolezo na vichwa wamenyoa, na mkutano ukaamua kuwahukumu majenerali wanane kwa kura moja, wote kwa mpigo, kinyume na sheria. Mtu akisimama kupinga umati unapiga kelele kwamba ni balaa watu wakizuiwa kufanya wanachotaka. Kwenye meza ya waliosimamia kikao siku hiyo alikuwepo mwanafalsafa Socrates, bahati nasibu ilimpeleka hapo, na yeye alikataa kuweka jambo lililo nje ya sheria. Haikusaidia. Wote wanane wakahukumiwa kifo, sita waliokuwa wamerudi mjini wakauawa.

Mmoja wa wale sita aliitwa Pericles, mtoto wa Pericles mkubwa. Baba yake ndiye aliyeweka sheria ya 451 kwamba raia ni yule tu ambaye baba na mama wote ni Waathens. Mama wa kijana huyu ni Aspasia, mgeni kutoka Miletus, kwahiyo kwa sheria ya baba yake mwenyewe kijana hakuwa raia. Tauni ilipowaua watoto wawili wa ndoa wa mzee, watu walimhurumia wakamruhusu huyu aandikwe raia. Akawa raia, akachaguliwa jenerali, akashinda vita, na raia wenzake wakamuua. Baadaye walijuta wakataka kuwashtaki waliowadanganya. Mi kila nikifika hapa huwa naweka kitabu chini kwanza.

Ya pili nayo haikuwa na huruma na majenerali, nisikudanganye. Timotheus alipigwa faini ya talanta 100 miaka ya 350, pesa ambayo mtu wa kawaida hawezi hata kuiota. Na Socrates mwenyewe aliyesimama kidete 406 aliuawa 399 na hii Athens ya pili, kwa kura za majaji raia, na inasemwa kura 30 tu zingehamia upande wa pili angetoka huru. Ukisoma kwa ajili ya Socrates kumbuka hilo, watu wengi wanadhani aliuawa na mji uleule wa Pericles kumbe kati yao kuna mapinduzi mawili.

Kura kwa maana yake ya kale

Sisi neno kura tumelizoea kwa uchaguzi, ila maana yake ya zamani ni ile ya kuokota karatasi kwenye kofia, na mpaka leo kina mama wakianzisha mchezo wa hela wanapiga kura nani aanze kupokea, hapo hakuna kampeni wala mgombea. Waathens wangetuelewa haraka sana. Kwao majenerali walichaguliwa, ila Baraza, majaji na maofisa wengi walipatikana kwa kura ya namna hiyo, maana waliona uchaguzi unawabeba wenye pesa na majina.

Ya kwanza ilikuwa inafanya hivi, ya pili ikafika mpaka kutengeneza mashine. Bamba la jiwe lililosimama, lina matundu membamba yamepangwa kwa safu na nguzo. Kila jaji ana kibati chake cha shaba kimechongwa jina lake, la baba yake na mtaa wake. Vibati vinachomekwa kwenye matundu, alafu pembeni kuna bomba linamiminiwa vigololi vyeupe na vyeusi. Kigololi cheupe kikitoka safu nzima inaingia mahakamani, cheusi safu nzima inarudi nyumbani. Haya yote asubuhi ya siku ya kesi, kwahiyo mwenye bahasha usiku uliopita hana pa kuipeleka. Mabaki ya hayo mabamba yapo Athens, pamoja na vyungu vya kupimia muda kwa maji yanayochuruzika, maji yakiisha na wewe umemaliza kuongea.

Ya kwanza ina kitu chake ambacho ya pili haikukitumia tena, kura ya vigae. Mara moja kwa mwaka wakitaka, raia anachukua kipande cha chungu kilichovunjika anakwaruza jina la mwanasiasa anayemwona hatari, zikifika kura 6,000 mwenye jina lililoandikwa zaidi anahama miaka 10, mali yake inabaki yake. Nzuri kuisikia. Ila kwenye kisima kimoja kando ya mlima wa Akropoli wamekuta vigae karibu 190 vyote vimeandikwa Themistocles, na ukitazama mwandiko ni wa mikono 14 tu, yaani kuna watu walikaa wakaviandaa ili wagawiwe wapiga kura. (Syracuse, mji wa Wagiriki kule Sisilia, waliiga wakawa wanatumia majani ya mzeituni, miaka mitano, ila waliiacha haraka kwasababu watu wa maana waliogopa kujihusisha na siasa kabisa.)

Pesa ya posho ilitoka wapi

Demokrasia bila posho inabaki ya matajiri, hilo Waathens walilijua. Pericles akaweka posho ya majaji, oboli 2, baadaye Cleon akaifanya 3, na oboli 6 ni drakma 1, drakma 6,000 ni talanta 1. Ya pili ikaongeza posho ya kuhudhuria mkutano wenyewe, ikaanza oboli 1, ikawa 2, ndani ya miaka michache 3, na kufikia miaka ya 320 kikao cha kawaida ni drakma nzima. Mvuvi au fundi viatu akipoteza siku ya kazi anarudi na kitu.

Tofauti ni mfuko. Athens ya kwanza ilikuwa inaishi kwa michango ya miji mingine. Kilichoanza 478 kama muungano wa kujilinda na Waajemi kikageuka himaya, mwaka 454 hazina ikahamishiwa Athens, na vita ilipoanza 431 mapato kutoka kwa washirika yanatajwa kuwa kama talanta 600 kwa mwaka. Waliogoma walipigwa, kisiwa cha Melos wanaume waliuawa wote. Kwahiyo ukiipenda Athens ya Pericles jua kwamba uhuru wa ndani ulikuwa unalipiwa na wa nje. Ya pili haikuwa na himaya ya namna ile. Mwaka 377 ilichonga kwenye jiwe ahadi kwa washirika wapya kwamba hakuna ushuru wala kambi za jeshi, haikuzitimiza zote na ikaishia kupigana nao kuanzia 357, lakini posho ziliendelea kulipwa hata himaya ikiwa haipo, na hiyo inaonyesha mfumo ulikuwa unaweza kusimama bila kunyonya wengine kwa kiwango kile.

Zilivyoanguka

Ya kwanza ilianguka kwa mkono wake. Baada ya jeshi kuteketea Sisilia 413, pesa hamna, hofu imejaa, mwaka 411 waliitwa kwenye mkutano nje ya kuta, mahali panaitwa Colonus, wakapiga kura ya kujivua madaraka na kuwapa watu 400. Umma wenyewe! Waliambiwa Uajemi itatoa hela kama demokrasia ikiwekwa pembeni, na hela haikuja. Wale 400 hawakumaliza mwaka, demokrasia ikarudi, ila 404 Sparta ikashinda vita na chini ya jicho la Lysander, kamanda wa Sparta, wakawekwa watawala 30. Hao waliua watu kama 1,500 ndani ya miezi, wakaandika orodha ya raia 3,000 wenye haki, wengine wote wakanyang'anywa silaha.

Alafu hapa ndipo ya pili inapozaliwa. Thrasybulus, jenerali wa upande wa demokrasia aliyekuwa uhamishoni, alianza na watu kama 70 kwenye ngome ya Phyle, theluji ikawasaidia, wakaongezeka, wakashuka Piraeus bandarini wakapanda kilima cha Munychia na hapo wakalipiga jeshi la wale 30. Miili bado iko chini, akasimama Cleocritus, mpiga mbiu wa ibada za Eleusis mwenye sauti nzuri sana, akawaambia wale wa upande wa pili, ndugu zetu mbona mnatufukuza, mbona mnataka kutuua, tumeshiriki nanyi mahekalu na sadaka na sikukuu, tumecheza ngoma pamoja, tumesoma pamoja, tumepigana vita pamoja nchi kavu na baharini. Akasema hao 30 wameua Waathens katika miezi minane karibu kuliko adui katika miaka 10 ya vita.

Wakapatana. Kiapo chao ukikisoma ni yaliyopita si ndwele, hakuna kukumbushana mabaya, isipokuwa wale 30 na watu wao wachache wa karibu, na hata hao wakikubali kukaguliwa wanaweza kubaki. Kuna talanta 100 ambazo watu wa upande wa utawala wa wachache walizikopa Sparta ili wawapige wanademokrasia, na demokrasia iliporudi ikaamua deni lilipwe na wote. Fikiria unalipa mkopo wa risasi uliyopigwa nayo. Gharama zingine za amani hiyo zinauma zaidi. Mtu mmoja aliyeanza kuvunja kiapo aliuawa bila kesi ili wengine waogope, na Thrasybulus alipotaka wote waliopigana naye Piraeus wapewe uraia, wakiwemo watumwa, lilipingwa mahakamani likafa.

Hii ya pili ikaishi miaka 81 bila mapinduzi ya ndani. Walishindwa na Philip, mfalme wa Makedonia, pale Chaeronea 338, na hata baada ya hapo, mwaka 336, wakapitisha sheria ya Eucrates kwamba atakayempindua umma ili awe dikteta, anayemuua hana hatia. Jiwe lake lipo kwenye jumba la makumbusho pale Agora, juu wamechonga mwanamke, Demokrasia, anamvika taji mzee aliyeketi, Umma. Walikuwa wanalinda mlango wa ndani. Aliyekuja alipita wa nje. Alexander, mtoto wa Philip, alipokufa 323 Athens iliasi, ikashindwa, na 322 jenerali wa Makedonia Antipater akaweka sharti kwamba mwenye mali chini ya drakma 2,000 sio raia kamili. Zaidi ya watu 12,000 wakapoteza haki kwa siku moja, wakabaki kama 9,000. Demosthenes, msemaji maarufu wa Athens, alikimbilia hekaluni kisiwa cha Calauria akanywa sumu. Demokrasia ilikuja kurudi vipindi vipindi baadaye, ila haikujisimamia tena kama zamani.

Kwahiyo wewe ushike ipi

Kama unachotaka ni kuelewa jinsi umati wenye haki zote unavyoweza kujidhuru, hotuba, hasira, vita, au unasoma kwa ajili ya mtihani ambao utauliza Pericles tu, shika ya kwanza, na usome Mytilene na Arginusae kabla ya Parthenon. Maandishi yake ni machache ila yana moto, mengi yameandikwa na watu wasioipenda demokrasia kwahiyo soma ukijua hilo.

Kama unataka kujua mitambo yenyewe inafanyaje kazi, nani anakagua nani, posho, kura, sheria inabadilishwaje, na watu waliouana wanarudije kukaa mtaa mmoja, shika ya pili. Kwa kikundi cha majadiliano mi ningetoa hii bila kusita, hotuba za mahakamani za kipindi hicho zipo nyingi na zinasomeka, kuna kesi za urithi, za kupigana barabarani, za mikopo ya meli.

Mwenye wiki moja tu aanzie kilimani Munychia siku ya Cleocritus, 403, arudi nyuma mpaka 427, alafu amalizie 322, maana masharti ya Antipater yalikuwa na kipengele cha kambi ya askari wa Makedonia ndani ya Athens, na walipoiweka hiyo kambi waliiweka Munychia.